Chumvi Iliyooshwa

Kazi ya kwanza ya Jaukala kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, ilikuwa kuosha chumvi. Alichukua mawe machache kutoka kwenye kikapu kilichoning'inia juu ya meko, akayatia katika bakuli la shaba, akayamwagia maji baridi na kuyasugua upesi yasije yakayeyuka. Kisha aliyamwaga maji yale nje ya mlango, kuku wakakimbilia kuona kama kuna chochote cha kudonoa.

Kijiji cha Lamtara kiko juu sana katika milima ya Nepali, na tangu zamani chumvi yake ilishuka kutoka kaskazini migongoni mwa kondoo. Ilifika na manyoya, vumbi na harufu ya jasho la wanyama, kwa hiyo kila nyumba iliiosha. Bibi yake Jaukala, mama wa baba, alikuwa na sababu nyingine tena. Alisema hajui imeshikwa na mikono ya nani njiani, na nyumba yake haili uchafu wa watu. Kwake yeye, kula chumvi isiyooshwa kulikuwa sawa na kula makombo kwenye sahani ya mgeni.

Jaukala alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata kazi hiyo ndogo ilimchosha. Kila kitu kilimchosha siku hizo. Vidole vyake vilikuwa baridi jua likiwa utosini, ngozi yake ilikakamaa, na akipanda ngazi ya gogo kwenda juu ya paa kuanika maharage, alipumzika katikati kama ajuza. Shingoni alikuwa na uvimbe laini uliotosha kujaza kiganja. Hakuna aliyeushangaa, maana Lamtara mwanamke asiye na rovu ndiye aliyetazamwa mara mbili. Rovu la Mama lilikuwa limeshuka mpaka kifuani, na la Bibi alilivisha shanga zake zote siku za sikukuu.

Mekoni Jaukala alikaa na mdogo wake wa kiume. Mtoto huyo alikuwa na miaka tisa lakini kimo chake kilikuwa cha mtoto wa miaka minne. Hakusikia wala hakusema, na alitembea kwa kuyumba. Alipozaliwa alipewa jina la Gagan, lakini hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Lato, neno wanaloitwa mabubu wanaodhaniwa kuwa hawana akili pia. Jaukala naye alimwita hivyo hivyo.

Bibi alijua nani wa kulaumiwa. Alisimulia mbele ya mgeni yeyote kwamba mkwewe, akiwa na mimba ya Lato, alitoka nje wakati mwezi umepatwa, akaenda kufukuza ng'ombe shambani. Ameambiwa akae ndani, hakukaa, matokeo ndiyo hayo. Baada ya Lato alizaliwa mtoto mfu, na kwa huyo pia mwezi ukatajwa kuwa chanzo. Mama aliinamisha kichwa na kuendelea kusonga ugali wa ulezi.

Sasa Mama alikuwa na mimba tena, changa bado. Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Jaukala. Mama aliuchukua mkono wa binti yake akauweka tumboni, kisha akamtazama Lato aliyekuwa akichezea majivu. Jaukala alielewa anachokiogopa, na tangu siku hiyo na yeye akakiogopa.

Wiki ile ile muuguzi wa kituo cha afya alikuja shuleni. Aliitwa Sarita, mtu wa tambarare, na shingo yake nyembamba ilimpatia jina papo hapo. Bibi alimwita Shingo ya Kuku. Sarita alisimama mbele ya darasa na kipande cha gunia chenye picha ya watoto wawili, akawaambia chumvi ya kondoo waiachie mifugo. Watu wanunue ya gunia hili, kwa kuwa imetiwa madini joto, yaani iodini, ambayo mwili unaihitaji na udongo wa milimani hauna.

Jaukala alisikia mpaka hapo. Kisha macho yakawa mazito, jua la dirishani likamshika mgongo, akalala. Alipozinduka Sarita alikuwa anakunja gunia lake, naye Mwalimu Dambar amesimama kando yake na fimbo. Alimchapa mkononi, akamwita mzigo wa viazi. Darasa zima lilicheka, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani.

Kila mtoto alitakiwa kwenda kueleza kwao aliyoyasikia. Jaukala aliwaambia wazazi wanunue chumvi ya gunia lenye picha. Mama, ambaye hakujua kusoma lakini alijua kuuliza, akataka kujua kama muuguzi alisema na jingine. Jaukala angekiri kwamba alilala, angepata fimbo ya pili.

"Ni hayo tu," alijibu.

Baba yake, Jasbir, alishuka sokoni akanunua chumvi hiyo dukani kwa Hiralal. Ilikuwa ghali, lakini kwa ajili ya tumbo la mkewe alinunua bila kunung'unika. Nayo ilikuwa ya mawe, kama ile ya zamani. Kwa hiyo kila asubuhi Jaukala aliiosha, akamwaga maji mlangoni, na mawe mengine yakabaki kikapuni kupigwa na moto na moshi.

Theluji ilipoanza kuonekana kwenye vilele, Sarita alirudi. Safari hii kila mwanafunzi alileta chumvi ya kwao kama ilivyo tayari kwa kupikia, imefungwa kwenye jani. Sarita alikuwa na kichupa kidogo. Alidondosha tone juu ya kila rundo, na rundo likageuka zambarau. Kila rangi ilipotokea watoto waliguna kwa raha. Alipofika kwa Jaukala alidondosha tone, akangoja, akadondosha jingine. Chumvi ilibaki nyeupe.

Mwalimu Dambar alisema kwa sauti kwamba Jasbir ameibiwa. Kufika jioni Lamtara yote ilikuwa inasema hivyo, na asubuhi Baba alishuka sokoni na fimbo ya mchungaji. Watu wakamfuata, kwa kuwa ugomvi wa bure haukosi watazamaji. Mwalimu alikwenda, Sarita alikwenda kwa hofu ya kutokea balaa, na Jaukala akajikokota nyuma yao.

"Mke wangu ana mimba," Baba alimwambia Hiralal. "Wewe unamlisha mchanga."

Hiralal alikuwa mtu mnene asiyependa kuinuka. Siku hiyo aliinuka.

"Jasbir, chumvi yangu imeingia nyumba zote hizi. Ya kwako tu ndiyo imeota mvi?"

Alichota kutoka kwenye gunia, na Sarita akaidondoshea dawa mbele ya wote. Ikawa zambarau iliyokolea. Lakini Baba alikuwa ameshapandwa na hasira. Alisema gunia limebadilishwa baada ya habari kuenea, akainua fimbo, na Hiralal akaweka mikono kichwani. Jaukala aliiona ile fimbo juu ya kichwa cha mtu asiye na kosa, akajipenyeza mbele.

"Baba, hajatuibia," alisema. "Mimi naiosha."

"Kila mtu anaosha."

"Nyumba nyingine wameacha. Jana wenzangu waliniambia kwamba dada muuguzi aliwakataza."

Baba aligeuka polepole. "Aliwakataza lini?"

"Siku ile shuleni. Mimi sikusikia, nililala. Mama aliniuliza nikasema ni hayo tu. Nilidanganya, Baba."

Hakuna aliyecheka. Baba alishusha fimbo, uso umemwiva kwa aibu, akamwomba Hiralal radhi kwa sauti ambayo hakuzoea kuitumia. Jaukala alijua kipigo kiko njiani. Lakini Sarita alikuwa ameshachuchumaa mbele yake, anaishika shingo yake kwa vidole viwili na kumwambia ameze mate.

"Unalala hivyo mara nyingi?" aliuliza.

"Kila siku," Mwalimu Dambar akamjibia. "Nimemchapa mpaka nimechoka mimi."

"Basi usimchape tena, Mwalimu. Huyu si mvivu. Huyu anaumwa."

Sarita alipanda nao mpaka nyumbani. Bibi alimpokea Shingo ya Kuku kwa mgongo, akasema nyumba hii imeosha chumvi tangu enzi za mama mkwe wake na hakuna aliyekufa. Sarita hakubishana. Alichukua jiwe lililokuwa bado kwenye gunia walilonunua, akaliweka sahanini, tone, zambarau. Alichukua la pili, akaliosha vile vile kama Jaukala alivyoosha, tone, likabaki jeupe. Kisha akayadondoshea yale maji machafu yaliyokuwa bakulini, nayo yakaanza kuingia rangi.

"Madini yamepakwa juu ya jiwe, Bibi, hayakuingia ndani," alieleza. "Ukiosha yanatoka. Ukiitundika juu ya moto, hata kidogo kinachobaki kinapungua. Chakula cha mjukuu wako aliye tumboni mnawamwagia kuku mlangoni."

Akawaeleza kwamba chini ya koo kuna tezi ndogo inayotengeneza maji ya kuuendesha mwili, yaani joto, nguvu, kukua na akili. Kazi hiyo inataka madini joto. Tezi ikiyakosa hujitutumua kuyatafuta, ndipo shingo huvimba na mwenye nayo akachoka na kusikia baridi. Lakini mtoto aliye tumboni ndiye huumia zaidi, kwa kuwa ubongo na masikio yake yanajengwa wakati huo, na hana kwingine pa kupata madini hayo ila kwa mama yake.

Hapo Mama aliweka chini mwiko.

"Kwa hiyo Lato," alisema. "Haikuwa ule mwezi?"

"Mwezi hauhusiki, dada. Ni chumvi."

Mama aliingiza pembe ya mtandio mdomoni akaiuma, machozi yakamtoka bila sauti. Miaka tisa alikuwa amebeba lile kosa la kufukuza ng'ombe. Bibi aliutazama moto na hakugeuka.

"Na akianza kula hii leo," Mama aliuliza tena, "masikio yatafunguka?"

Sarita alimtazama Lato. "Sitakudanganya. Ya kwake hayatafunguka. Huyu wa tumboni ndiye bado tunaweza kumwahi."

Akawatoa damu mkononi, Mama na Jaukala, na chupa zikashushwa hospitali ya wilaya. Majibu yaliporudi, wote wawili tezi zao zilikuwa zinafanya kazi kidogo mno. Wakapewa vidonge vidogo vya kumezwa kila asubuhi kwa maji, tumbo likiwa tupu, na wakaambiwa damu itapimwa tena kuona kama dozi inatosha. Wasiviache kwa sababu tu wamejisikia nafuu. Wale mayai na maziwa wakiyapata, na chumvi itiwe chungu kikikaribia kuiva.

Tangu hapo kazi ya kwanza ya Jaukala asubuhi ilikuwa vidonge, kimoja chake na kimoja cha Mama. Chumvi ilihamia kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na meko. Bibi aliliangalia kopo lile kwa jicho la kuchukizwa, lakini hakulifungua wala hakuosha kitu.

Ule ulikuwa msimu mrefu wa baridi. Mama alihesabu kila teke la mtoto, na siku ambayo hakupiga teke hakuna aliyekula. Jaukala alianza kupata joto vidoleni, akamaliza ngazi ya gogo bila kusimama, akakaa macho darasani mpaka kengele. Lakini raha yake haikuwa kamili. Kila alipomtazama Lato aliwaza siku zile alizomwaga maji mlangoni, akajiuliza kama zilitosha kumharibu na huyu.

Mtoto alizaliwa mvua zikinyesha, wa kike. Alilia, akanyonya, akalala, kama mtoto yeyote, na hiyo haikumtuliza mtu, kwa kuwa hata Lato alilia siku aliyozaliwa. Sarita alipokuja kumtazama, Mama alimsihi asimfiche kitu. Muuguzi akampa Jaukala sahani ya shaba na kijiko, akamweka nyuma ya kichwa cha mtoto asipoweza kuonekana.

Jaukala aliinua kijiko. Alipiga.

Mtoto alishtuka mwili mzima, akatupa mikono, akaangua kilio. Bibi akasema apige tena, pengine ni upepo. Jaukala akapiga tena, mtoto akalia tena, na safari hii Bibi ndiye aliyefunika uso kwa mikono.

Lato aliwaona wote wanacheka na kulia kwa pamoja. Akaja kwa mwendo wake wa kuyumba, akachukua kijiko mkononi mwa dada yake, akaipiga sahani kwa nguvu zake zote, kisha akaweka kiganja juu yake, akaisikiliza ikitetemeka.

"Jaukala," Mama alisema, "huyu amesikia kwa sababu ulisema kweli pale dukani. Ungeendelea kunyamaza kwa kuogopa fimbo, tungekuwa tunaosha mpaka leo. Siku nyingine ukipitiwa na neno, rudi ukaliulize, hata kama watakucheka. Na uchovu wa mwili usiufiche, ukapimwe." Akamvuta mwanawe wa kiume mpaka ubavuni pake. "Wakati wa huyu hakuna aliyekuwepo wa kutuambia. Hana kosa, wala mimi sina. Ana jina."

Bibi aliondoa mikono usoni. Alimtazama mjukuu wake aliyekuwa bado ameshika sahani, akasema polepole, kama mtu anayejifunza neno jipya:

"Gagan."

Hakugeuka, kwa kuwa hakusikia. Jaukala akamgusa bega.