Umepuliza, Shemeji?

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Kasulu wakati Laurent alipochukua spana yake na tochi, akatoka kwenda kupuliza mabomba. Ni kazi ya dakika arobaini. Alikuwa ameifanya kila jioni kwa miaka sita, na hakuwahi kuiogopa.

Wiki hiyo alikuwa anaiogopa.

Asiyeijua reli atauliza, kupuliza mabomba ndiyo nini? Treni husimamishwa na upepo. Chini ya kila behewa pana bomba, na kati ya behewa na behewa pana mpira mnene unaounganisha bomba hili na lile, ili dereva akivuta breki kule mbele, upepo upeleke habari mpaka behewa la mwisho. Vumbi likiingia humo, au maji, habari haifiki. Ndiyo maana mpira ukifunguliwa hauachwi ukining'inia. Hutundikwa kwenye kulabu yake na kuzibwa mdomo kwa kifuniko. Na kabla ya kuuunganisha tena, fundi hufungua koki, akaacha upepo utoke huku akihesabu mpaka kumi, utoke na uchafu wake wote. Basi, ni hayo tu. Kazi rahisi, utasema. Ni rahisi kweli, na kazi rahisi ndiyo ambayo mtu huiruka.

Laurent aliiruka siku moja tu.

Ilikuwa mwezi wa tatu, pale pale kwenye kambi ya ujenzi wa reli, bondeni, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka mjini. Mvua kubwa ilikuwa inashuka. Laurent akakimbilia kujikinga, akaiacha mipira minne ikining'inia kwenye matope na vumbi la kokoto. Asubuhi yake treni ya kokoto ilikuwa imechelewa na wakubwa wanafoka. Akaiunganisha mipira hivyo hivyo. Gasper, mume wa dada yake, ndiye aliyekuwa mshika breki wa behewa la nyuma. Alichungulia kutoka kule juu, akauliza kama alivyouliza siku zote.

"Umepuliza, shemeji?"

"Nimepuliza."

Laurent akatia tiki kwenye fomu. Nusu saa baadaye, kwenye mteremko, dereva alivuta breki. Mabehewa ya mbele yakashika. Ya nyuma yakaja tu, yanasukuma. Gasper alibaki peke yake akizungusha breki ya mkono mpaka behewa likapinduka na kumfukia na mzigo wake wote.

Waliochunguza ajali waliisoma ile fomu. Fomu ilisema mabomba safi. Kwa hiyo kosa likawa la marehemu, kwamba alichelewa na breki ya mkono. Laurent alikaa kwenye kikao chao, akasikia kila neno, akanyamaza. Msibani alilia mpaka sauti ikamkauka, na machozi yale yalikuwa ya kweli, kwa sababu alimpenda Gasper kuliko ndugu zake wengi. Lakini alinyamaza.

Sasa jioni hii, kabla hajatoka na spana yake, Veronica alikuwa amempigia simu kutoka Murungu, kule Kibondo. Veronica ndiye dada yake, mjane wa Gasper.

"Kaka, Jumapili watu wanakaa kikao," alisema kwa sauti ya chini. "Wanasema shangazi Mpawenimana ndiye aliyemla Gasper."

"Shangazi? Si ndiye aliyemlea?"

"Ndiye. Lakini asubuhi ile alimpigia simu, akamwambia mwanangu leo usiende kazini. Watu wanauliza, alijuaje? Treni kila siku inashuka vizuri, iweje siku hiyo? Kazini mlisema mitambo ilikuwa mizima. Basi ni mkono wa mtu. Kuna vijana wameshaweka petroli, kaka. Nimewasikia kwa masikio yangu."

Laurent alisema atampigia baadaye. Akachukua spana.

Behewa la kwanza. Akafungua koki... fyuuuu... moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Upepo safi, mkavu. La pili. La tatu. Kutoka jikoni kwa wapishi ilikuja harufu ya maharage, na mtu mmoja alikuwa anacheka kule. Laurent alitamani kuwa huko anakocheka mtu.

Akafika behewa la tisa.

Ndilo lile lililopinduka. Walikuwa wamelinyoosha, wakalipaka rangi mpya, wakalirudisha kazini. Jioni nne mfululizo Laurent alikuwa amesikia kitu ndani ya bomba lake, na jioni zote nne alijiambia ni maji. Akainama, akaugeuza uso pembeni kama sheria ya kazi inavyotaka. Akafungua koki.

Kimya.

Akaangalia saa ya kupimia upepo. Tangi la upepo lilikuwa limejaa. Akagonga bomba kwa spana, ko, ko, ko. Bado kimya. Halafu, ndani kabisa, mbali...

Mtu akakohoa.

Alikohoa mara mbili, akasafisha koo. Laurent alikuwa amelala chumba kimoja na kikohozi kile, kambini, kwa miaka minne. Angekitambua hata sokoni, katikati ya watu mia.

"Hapana," alinong'ona. "Gasper, hapana."

Mpira ukatikisika mkononi mwake. Ukavimba. Kisha ukatapika. Udongo ulimwangukia viatuni, donge baada ya donge, na haukuwa udongo mwekundu wa kambini. Huu ulikuwa mweusi, umelowa, unanuka mgomba uliooza. Mara ya mwisho Laurent alikuwa ameushika Murungu, akaurusha juu ya jeneza.

Na nyuma ya udongo ikaja sauti. Ndogo. Sauti ya mtu aliyejaa kinywa.

"Umepuliza... shemeji?"

Akakaa chini kwenye kokoto. Na unajua alijibu nini? Kinywa kilimtangulia.

"Nimepuliza."

Hata mbele ya maiti, alidanganya. Bomba likatoa pumzi moja ndefu, pumzi ya mtu aliyechoka kungoja, kisha upepo ukaanza kutoka kama kawaida, safi, mkavu. Laurent aliuona moyo wake ulivyo, akauchukia.

Msimamizi wake, Hashimu, mtu mzima kutoka Ujiji, alimkuta pale pale na tochi yake ikiwaka chini. Akaumulika ule udongo.

"Nyigu hao," Hashimu alisema. "Wanapenda sana kujenga kwenye mabomba yaliyoachwa wazi. Funika vizuri, bwana."

"Udongo mweusi, mzee Hashimu? Nyigu wa hapa wameutoa wapi?"

Hashimu alichukua donge moja, akalinusa. Akalitupa upesi, akajifuta mkono kwenye suruali mara mbili. Alipozungumza, alinong'ona.

"Mimi sikukuuliza siku ile, na leo sikuulizi. Lakini kama una neno, Laurent, lipeleke kwa wenyewe."

Jumamosi Laurent alipanda basi la Kibondo.

Kikao kilikaa Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji, bwana mmoja mpole aitwaye Reverien. Watu walikuwa wengi kuliko msibani. Mpawenimana aliketishwa peke yake kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, mikono mapajani, kibibi mwembamba ambaye kanga ilimzunguka mara mbili. Hakumtazama mtu. Vijana walisimama nyuma, na Laurent alikiona kidumu cha njano miguuni pao.

Reverien alimpa nafasi kwa heshima, kama shemeji wa marehemu. Laurent alisimama.

"Gasper hakulogwa," alisema. "Nilimuua mimi."

Minong'ono ikakatika.

Akawaeleza yote. Mvua, mipira minne, matope, tiki kwenye fomu. Akawaeleza jinsi Gasper alivyomwuliza na yeye alivyomjibu. "Sikupuliza," alisema. "Mama huyu hana kosa. Kesho narudi kazini kuwaandikia wakubwa hivyo hivyo, wanifanye watakavyo." Alikuwa analia bila kujificha, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu alihisi kifua kimefunguka.

Kisha mwanaume mmoja nyuma akacheka kidogo, kicheko cha huruma.

"Mnamwona lakini? Huyo bibi ameshamshika na huyu."

"Eeh! Upepo gani unaua mtu?"

"Vumbi! Vumbi liangushe treni? Sisi tunakula vumbi humu tangu tuzaliwe!"

"Ametumwa aseme. Mtazameni macho yake!"

Laurent alianza kueleza upya, koki, bomba, kifuniko, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumhurumia. Maneno ya kitaalamu yalisikika kama maneno ya mtu aliyechanganyikiwa. Mwanamke mmoja alimshika mkono amkalishe. Reverien aliwatuliza vijana kwa shida kubwa, alisimama mwenyewe mbele ya kidumu kile mpaka kikaondolewa, na ilipofika saa kumi akatoa uamuzi uliowezekana. Mpawenimana aondoke kijijini kesho, basi la asubuhi. Asiguswe. Asirudi.

Mtu mmoja tu alikuwa amemwamini. Veronica alimngojea kaka yake njiani, kwenye migomba, mtoto mgongoni.

"Umesema kweli," alisema. "Nimekujua ukisema kweli tangu tukiwa wadogo."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nakuamini, kaka. Ndiyo maana nakwambia usije tena kwangu."

Akageuka, akaenda. Laurent alimtazama mtoto akiruka ruka mgongoni mwa mama yake mpaka migomba ikawaficha wote wawili.

Jua lilikuwa limeshuka sana alipofika kwa Mpawenimana. Alidhani atamkuta anafunga mizigo, amsaidie. Hakukuta mzigo. Bibi alikuwa nyuma ya nyumba, upande wa kaburi la Gasper, ameketi kwenye mkeka na beseni la maji ya moto mbele yake. Mvuke ulikuwa unapanda. Begani alikuwa na kitambaa cheupe.

"Mwiriwe, shangazi," Laurent alisalimia kwa adabu, kwa salamu ya jioni ya kwao.

"Mwiriwe, mwana wanje, mwanangu. Kaa. Usiongee kwa nguvu." Akamsogezea ncha ya mkeka. "Ndiyo saa yake hii."

"Saa ya nani?"

Walikaa. Jua likagusa kilima, likazama. Ndege walinyamaza. Laurent akajikuta anatazama kule bibi alikokuwa anatazama, kwenye kijia kifupi kati ya kaburi na mkeka. Nyasi za pale zilikuwa zimelala chini. Zilikuwa zimekanyagwa, tena siku nyingi, na mtu mwenye miguu mikubwa.

"Huwa anakuja na udongo kinywani," Mpawenimana alisema taratibu. "Kila jioni tangu tumzike. Anakaa hapo ulipokaa wewe. Namsafisha kinywa, namsafisha meno, kama nilivyomsafisha akiwa mtoto. Nikimaliza, anapumua. Halafu anaondoka. Kesho yake anarudi, kinywa kimejaa tena."

Laurent alitaka kunyanyuka kutoka pale alipokaa.

"Anasema nini?"

"Hasemi. Mimi nilimwuliza, mwanangu, nani amekujaza hivi? Anatikisa kichwa tu." Akachovya kidole kwenye maji, kupima. "Nadhani alikuwa hataki kukutaja."

Giza likaja. Si giza jeusi, lile la kijivu ambalo mtu bado anaona mikono yake. Kijia kilikuwa kitupu. Mvuke wa beseni ukapungua, ukaisha. Mpawenimana alinyoosha shingo, akatazama, akasikiliza. Alichovya kidole tena. Uso wake ukabadilika kidogo kidogo, na Laurent alipouona akaelewa, akaogopa kuliko alivyoogopa kule kwenye behewa la tisa.

"Amechelewa," bibi alisema.

"Shangazi... pengine amepumzika. Nimeshasema ukweli. Hana tena cha kudai."

"Amepumzika?"

"Ndiyo, shangazi. Ni vizuri."

Mpawenimana alimgeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Laurent.

"Kwa nini ulisema, wewe?"

"Wangekuua! Petroli ilikuwa pale, uliiona."

"Niliiona. Lakini jioni alikuwa anakuja." Machozi yalimtiririka bila sauti. "Nina miaka themanini, mwana wanje. Petroli ni dakika ngapi? Mimi nilikuwa na mtoto wangu kila jioni. Ulimwondoa mara ya kwanza, nikasema haya, Mungu amepanga. Leo umemwondoa mara ya pili, na hawakukuamini, na mimi naondoka vilevile."

Laurent alitazama kile kijia kitupu.

"Na kama amechelewa tu," bibi alisema, "kesho jioni atanikuta wapi?"

Akainua beseni kwa mikono yake miwili, akaenda jikoni kuyarudisha maji motoni. Alipotoka nalo mvuke ulikuwa unapanda tena. Akaliweka pale pale, akakunjua kitambaa, akampa Laurent ashike upande mmoja. Wakaendelea kungoja.