Mkono wa Fundi Saa na Jiko Jipya

Mshonaji alinusa gesi kabla hajafika jikoni. Alifungua madirisha yote mawili, akafunga swichi ya jiko, kisha akasimama mikono kiunoni akimtazama mumewe.

Mumewe alikuwa fundi saa. Kwa miaka thelathini alifungua saa ndogo kuliko ukucha na hakupoteza hata skrubu moja. Miezi minne iliyopita alipatwa na kiharusi. Hospitalini walisema ni kidogo, ila kimepiga ndani kabisa ya ubongo. Alirudi nyumbani anatembea, anaongea na kutania kama kawaida. Mkewe akashukuru. Kisha jiko lao likatoboka kwa kutu, wakanunua jingine. Balaa likaanzia hapo.

Jiko la zamani lilifungwa kwa kuzungusha swichi kulia. Hili jipya hufungwa kushoto. Mshonaji mwenyewe alikosea siku mbili, akazoea. Mumewe alikuwa katika wiki ya tatu na bado anazungusha kulia. Moto ulipungua ukawa kama punje, naye akadhani umezimika. Upepo wa dirishani ukauzima, gesi ikabaki inatoka.

Lililomchosha zaidi mshonaji ni kwamba mzee alijua. Ukimuuliza kufunga ni upande gani, alijibu kushoto bila kusita. Mkono ukienda, ulikwenda kulia. Mkewe alichora mshale kando ya swichi. Alifoka, alisihi, akafoka tena. Aliona maneno yake yanaingia sikio hili na kutokea lile.

"Baba watoto, usiguse tena jiko langu," alisema siku ile.

Mzee ndiye aliyempikia mkewe chai ya asubuhi tangu waoane. Alikwenda kukaa chumbani, na hata chakula cha mchana hakukitaka.

Alasiri alikuja muuguzi wa kliniki, aliyewatembelea kila mwezi. Mshonaji akamwaga yote yaliyomjaa moyoni. Muuguzi akaomba kuona. Mzee akachemsha maji, na alipotaka kuzima, mkewe nyuma yake akapaza sauti: kushoto, kushoto! Mkono ukaenda kulia, tena kwa haraka kuliko siku zote.

"Mama, kaa kwanza," muuguzi alisema, akafunga swichi mwenyewe.

Akaeleza. "Ndani ya ubongo kuna mahali panapotunza mazoea ya mkono. Panaitwa straiatamu. Mahali pengine, panapoitwa thalamasi, hupokea habari: sauti, mwanga, kitu kigeni. Habari ikiwa ngeni, thalamasi hupiga hodi kwenye mazoea. Huko kuna kemikali iitwayo asetilikolini. Hodi ikipigwa, kemikali hiyo hupanda ghafla, kisha hutulia kidogo. Katika kutulia huko, mkono hupata nafasi ya kuacha njia ya zamani."

"Na yeye je?"

"Kiharusi cha baba kilipiga thalamasi. Huenda hodi yake ni dhaifu. Anajua, lakini mazoea yanamtangulia."

Muuguzi hakuficha kwamba mengi ya hayo yamejulikana kwa kuchunguza wanyama, na kwa binadamu wataalamu bado wanatafuta.

"Kwa hiyo hanifanyii makusudi?"

"Hapana, mama. Na kelele zinamharakisha. Mtu akiharakishwa hukimbilia alichozoea."

Mshonaji alikasirika upya, safari hii kwa sababu hakuna aliyemwambia hayo mapema. Muuguzi aliomba radhi.

Kisha wakafanya kazi. Muuguzi alifunika swichi kwa kopo jekundu la plastiki, na akasema moto ukiwaka liondolewe, liwekwe mezani. Mzee akiwa tayari kuzima, alishike kwanza kopo hilo la mezani, ili kitu hicho kigeni kiukumbushe mkono, asimame, aseme kwa sauti "kushoto," ndipo azungushe. Baada ya hapo afunge koki ya mtungi wa gesi. Mtungi haukubadilika, na mkono wake uliujua vizuri. Mkewe akae karibu, anyamaze, wala asihamishe kitu kingine jikoni kwa sasa.

Kunyamaza kulimshinda mshonaji mara nyingi. Siku ya kwanza mzee alikosea mara nne. Ya pili, mara tatu. Ya tatu alirudi kwenye nne, na mkewe akatoka uani kwenda kuuma kanga yake asije akafoka. Lakini koki ya mtungi hakuisahau hata mara moja, na gesi haikunuka tena. Wiki ya tano ya mazoezi ikapita bila kosa.

Ndipo mshonaji akathubutu kwenda kumpima bibi harusi mtaa wa pili, akamwacha mzee peke yake. Kazi ilichukua saa mbili. Aliporudi alikwenda moja kwa moja jikoni. Swichi ilikuwa imefungwa. Koki pia.

Mumewe alikuwa mezani, amenuna, mbele ya vikombe viwili.

"Mama watoto," alisema, "chai yako imepoa. Nami nisimame tena kuipasha?"

"Simama," mkewe alisema, akavuta kiti akakaa.