Meza ya Watu Wawili

Jioni ile nilitoka zamu miguu imevimba, nikapitia mtaa wa Bakoba kwa Mwajuma kuchukua vyombo nilivyomwagiza. Mtu mwenye akili zake angekwenda nyumbani kulala. Lakini kesho yake ilikuwa Valentaini, na mume wangu alikuwa anakuja.

Mwajuma huuza vyombo vya mtumba juu ya turubai, mbele ya nyumba yake. Giza lilikuwa linaanza kuingia na alishaanza kukusanya mali. Vyangu aliviweka kando, ndani ya ndoo. Sahani mbili nyeupe zenye maua ya buluu ukingoni. Glasi mbili za mvinyo, zile za mguu mrefu. Vikombe viwili. Na kibakuli cha sukari chenye mfuniko.

"Mbona viwiliwili?" nikamuuliza.

"Si umesema ni wewe na baba Evelyne? Au kuna wa tatu?" Akacheka. "Vimetoka Kimwani, kwa mama mmoja marehemu. Ndugu zake wameuza baada ya msiba. Huo mfuniko haufunguki, lakini weka tu, ni pambo."

Nikabeba ndoo yangu kichwani hadi kwangu Nshambya.

Niseme ukweli, mimi si mwanamke wa mishumaa na glasi za mguu mrefu. Mimi ni muuguzi. Binti yetu Evelyne yuko shule ya bweni, nami nikifika nyumbani nakula kwenye sufuria, nimesimama. Lakini mume wangu Anatory alikuwa na miaka miwili anafanya kazi Mwanza, na Krismasi hakuja. Mwishoni mwa Januari alipiga simu, akasema, "Nitakuja tarehe kumi na nne. Tukae, tuongee." Aliyekaa kwenye ndoa anajua maana ya maneno hayo. Hayasemwi na mtu anayetaka kubaki.

Nilikuwa nimeona picha kwenye simu, meza ya watu wawili, kitambaa cheupe, mshumaa mwekundu katikati. Nikajisemea, akikuta meza kama ile, labda atakumbuka kwamba ana mke. Nilichoka kulia. Nilitaka kujaribu kitu kingine.

Siku ya Valentaini nilitoka kazini saa nane mchana. Nikamenya ndizi, nikazifunika na majani jikoni, nikakaanga sato. Halafu nikaanza kuosha vyombo vya Mwajuma kwa maji ya moto.

Nilipokizamisha kibakuli cha sukari, mfuniko ulifunguka wenyewe.

Tk.

Harufu ikapanda... moshi wa zamani, na udongo mbichi. Ndani hamkuwa na sukari. Mlikuwa na kifurushi kidogo cha jani la mgomba lililokauka, kimefungwa kwa kamba ya mgomba huohuo. Nikafungua. Punje mbili za kahawa, zimelazwa zikitazamana, kama zilivyotoka kwenye tunda moja. Zilikuwa nyeusi kuliko kawaida.

Hapa ndipo nilipokosea, na asiye mtu wa kwetu asingekosea hivi. Kwetu kahawa haisubiri kunywewa. Huchemshwa, hukaushwa, na mgeni akiingia hupewa atafune. Tunaiita amwani. Mimi hutembea nazo kwenye mfuko wa gauni la kazi, zinanitoa usingizi zamu ya asubuhi. Mkono wangu umeshazoea. Nilikuwa nimechoka, macho yanajifunga, na mkono ukapeleka punje moja mdomoni kabla kichwa hakijauliza kitu.

Nikatafuna. Ilikuwa na chumvi. Na ladha ya kutu.

Nikaimeza hivyohivyo, nikakunywa maji, nikaendelea na kazi. Punje ya pili nikairudisha kwenye kibakuli.

Saa kumi na mbili na nusu meza ilikuwa tayari. Nilitandika shuka jeupe la harusi yetu. Nikaweka uma kushoto, kisu kulia, maua ya uani kwenye chupa. Nikapangusa glasi kwa kitambaa kikavu hadi zikalia, mwii... mwii... Nikawasha mshumaa. Ilipendeza kuliko nilivyotegemea, na moyo ukaniuma kwa jinsi ilivyopendeza.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Anatory. "Gari imeharibika njiani. Nachelewa. Kula tu."

Kula tu! Nikakaa. Nikaegemeza kichwa kwenye mkono.

Saa moja kamili, mlango ukabishwa. Mara mbili, taratibu.

"Hodi, waitu."

Sauti ya mwanamke mzee, na lile neno letu la heshima. Nikafungua. Alikuwa amejitanda kitenge hadi kwenye paji la uso, mdogo wa mwili, miguu mitupu. Miguu ilikuwa na udongo mbichi hadi vifundoni, na mvua haikunyesha wiki nzima. Nikadhani ni bibi wa watu aliyepotea njia. Wazee waliochanganyikiwa nawaona kila siku kazini.

"Karibu, mama," nikasema.

Akaingia bila kuniangalia. Akapita makochi yote, akaenda moja kwa moja mezani, akakaa kwenye kiti cha Anatory. Akagusa ukingo wa sahani kwa kidole, polepole, maua yote hadi mwisho.

Halafu akanong'ona, "Wewe umekula yako. Nipe yangu."

"Yako ipi, mama?"

Akaonyesha kibakuli.

Ningekataaje? Mgeni ameingia, ameomba kahawa. Nikafunua, nikamsogezea. Akaitia mdomoni ile punje ya pili. Hakutafuna. Alimeza tu, nikaona koo likipanda na kushuka.

"Sasa," akasema, "tumekuwa wamoja."

Hapo ningepaswa kumtoa nje. Lakini nisikilizeni, uchovu ni kitu kibaya. Mtu aliyechoka sana hata kuogopa anaahirisha. Nikampakulia ndizi na samaki. Nikamtilia na mvinyo, maana ndio uliokuwa mezani. Nami nikala. Tulikula hivyo, watu wawili, mshumaa katikati. Hakutoa sauti. Uma haukugonga sahani, meno hayakusikika, lakini chakula kilikuwa kinapungua.

Nikagundua kitu.

Moto wa mshumaa ulikuwa unayumba upande wangu kila nikivuta pumzi. Upande wake haukuyumba hata mara moja, kama hapakuwa na anayepumua.

Nikainuka. Nadhani nilitaka kukimbia. Wakati huohuo nikasikia begi likiwekwa barazani, na sauti niliyoingojea miezi saba.

"Mama Evelyne?"

Nikageuka mlangoni. Nilipogeuka tena mezani, kiti kilikuwa kitupu.

Anatory aliingia na vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Alitabasamu. Nawaambia, kwanza alitabasamu! Aliona shuka, mshumaa, maua. Mkononi alikuwa na mfuko wa zawadi. Halafu macho yake yakafika kwenye sahani. Zote mbili zilikuwa zimeliwa. Glasi zote mbili zilikuwa na mvinyo chini.

"Ulikuwa na nani?"

"Bibi mmoja... amepita tu..."

"Nimetoka njiani sasa hivi. Hakuna mtu aliyetoka humu."

Akakisogelea kiti chake. Akaweka kiganja pale pa kukalia, akakiacha kidogo.

"Bado kina joto, Joanitha," akasema.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nguvu ya kujibu. Alichukua begi lake akaenda kulala kwa kaka yake Damian, na asubuhi akapanda gari la kurudi Mwanza. Mfuko wa zawadi aliuacha barazani. Ndani mlikuwa na kitenge na kadi. Kadi ilisema, "Nisamehe. Nimeomba uhamisho, nirudi nyumbani." Hayo ndiyo aliyotaka tukae tuongee.

Nililia siku ile kuliko msiba wowote.

Saa moja jioni, mlango ukabishwa. Mara mbili.

Sikufungua. Nikakaa kitandani na taa zote zimewaka. Kutoka sebuleni nikasikia kitambaa kikipita kwenye glasi. Mwii... mwii... Asubuhi nilikuta meza imetandikwa. Shuka, uma, sahani mbili. Kila jioni ikawa hivyo. Nilivifungia vyombo kabatini, vikatoka. Siku ya nne nilikaa tu, nikala naye. Sikuwa na nguvu za kubishana, na zamu yangu ilianza saa kumi na mbili asubuhi.

Jumamosi nilivifunga vyombo kwenye khanga nikapanda gari hadi Kimwani. Mwajuma alikuwa amenipa jina la aliyemuuzia, Ephrasia, mtoto wa kaka wa yule mama marehemu. Nilimkuta shambani anapalilia migomba. Nilipofungua khanga akayaona maua ya buluu, hakunipa mkono.

"Kibakuli kimefunguka?" akauliza.

"Kimefunguka."

"Na kahawa?"

Nikajishika tumbo. Akatupa jembe, akashika kichwa.

"Maawe! Umekula?"

Akanikalisha chini, akanieleza akiwa anaangalia njia. Marehemu aliitwa Consolata. Mumewe alikwenda Uganda kutafuta maisha, akasema atarudi sikukuu. Consolata akaandaa meza ya watu wawili. Hakuja. Akaandaa tena kesho yake, na kesho yake, miaka kumi na mmoja. Katika kungoja kwake akajichanja kitovuni, akapaka damu punje mbili za tunda moja.

"Omukago," nikasema. Bibi yangu alituhadithia. Undugu wa damu. Wawili wanakula kahawa yenye damu, wanakuwa mwili mmoja. Mwenzako akija humnyimi kitu.

"Omukago ni wa marafiki," Ephrasia akasema. "Haujawahi kuwa wa mke na mume. Lakini yeye alitaka mtu asiyeweza kuondoka."

"Mume alirudi?"

"Alirudi. Usiku, amechelewa, kama kawaida yake. Akala chakula. Kahawa akaikataa, akasema hayo ni mambo ya kishenzi." Akashusha sauti. "Asubuhi tulimkuta amekaa hapohapo mezani. Kichwa ndani ya sahani. Wengine walisema moyo... mimi sijui. Shangazi alikuwa anapangusa glasi."

Nilitaka kuacha vyombo pale. Akarudi nyuma hatua tatu.

"Ondoka navyo. Hata ukivitupa ziwani, hafuati vyombo tena. Anafuata kilicho tumboni mwako."

"Sasa nifanyeje?"

"Kaa naye. Kwako hana ubaya, wewe ni ndugu yake. Hasira zake ni kwa waume wanaochelewa." Nilipokuwa nainuka akaniita. "Dada. Sahani umepewa ngapi?"

"Mbili."

Akapumua. "Sawa. Zilikuwa tatu. Ile aliyolia chakula mumewe usiku ule tuliizika naye. Maadamu unaziona mbili, mume wako yuko salama."

Nilirudi Nshambya. Usiku uleule nikampigia Anatory. Alipokea, jambo ambalo sikulitegemea. Sikumweleza ya kahawa, angesema nimerukwa na akili. Nilimwambia nimeisoma kadi yake. Nikamwambia sikuwa na mwanaume. Kisha nikamwambia kwa ukali niwezao asije, angoje niende mimi Mwanza.

"Unanificha nini?" akauliza.

"Nakupenda. Usije."

Akakata simu. Baada ya hapo akawa hapokei. Ninamjua mtu wangu. Ukimwambia asifungue mlango, hapohapo anatafuta ufunguo.

Nikaomba likizo. Nikapangiwa kuanzia mwezi wa tatu, tarehe mosi, na hadi wakati huo nilikwenda kazini, nikarudi, nikapika, nikala na mgeni wangu. Nitasema jambo la aibu. Nilianza kumzoea. Saa moja ni saa moja. Hajawahi kuchelewa hata siku moja. Huniuliza kwa sauti ile ya chini, "Umechoka, ndugu yangu?" Miaka miwili hakuna aliyekuwa ananiuliza hivyo.

Leo ni tarehe ishirini na nane. Kesho nilikuwa nisafiri. Nimerudi saa kumi na mbili na nusu, nimefungua mlango wangu na ufunguo wangu, na mshumaa umeshawashwa.

Shuka limenyooshwa. Maua mapya kwenye chupa. Sahani yangu. Sahani yake.

Na sahani ya tatu.

Maua ni yaleyale ya buluu. Ina udongo kwenye ukingo, mbichi, na mzizi mwembamba umeshikilia chini yake. Imewekewa uma kushoto na kisu kulia, kama nilivyofanya mimi. Nimeibeba nikaitupa nje kwenye majani. Niliporudi ndani ilikuwa mezani.

Simu imetetemeka wakati naiangalia.

"Nimeshafika Muleba. Sikukwambia, nilitaka nikukute. Nimechelewa kidogo lakini leo tutakula pamoja. Niwekee sahani."

Nimepiga mara kumi na nne. Hapatikani. Nimemwandikia ashuke, arudi, alale Muleba, alale popote. Ujumbe haujamfikia. Nimefikiria kwenda kumzuia barabarani, lakini mlango nilioufungua mwenyewe sasa hivi haufunguki, na madirisha yangu yana nondo.

Ni saa moja kasoro dakika moja. Nimekaa kwenye nafasi yangu. Mbele yangu glasi imeanza kulia taratibu.

Mwii... mwii...

"Umechoka, ndugu yangu," ananiambia. "Wewe pumzika. Huyu nitampakulia mimi."