Maneno Aliyopewa Konokono

Saa sita mchana, duka la fotokopi lililo mkabala na mahakama halina mkubwa wala mdogo. Siku hiyo mashine moja ilikuwa imeharibika, ya pili ikitema karatasi moja moja kwa uvivu, na watu kumi na saba walikuwa wamesimama wakijipepea kwa vyeti vyao.

"Dada, foleni inaanzia mlangoni," sauti ya kiume ilisema.

Aliyeambiwa aligeuka. Alivaa gauni la rangi ya machungwa, kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele, na alikuwa amekumbatia kitabu kikuukuu.

"Mimi nilikuwa hapa kabla hujazaliwa," alijibu.

"Basi umejitunza vizuri, bibi."

Foleni nzima ikacheka. Mwanamke alitaka kununa, akashindwa. Aliyekuwa mbele yake ni mwanamume wa mabega mapana, shati lina vumbi la mbao, penseli bapa imepumzika sikioni. Alikuwa seremala. Wenzake karakanani walimwita Randa, kwa sababu alijua kulainisha ubao mpaka unateleza, na watu pia.

Randa akakiona kitabu. "Konokono na Kipepeo! Hicho kilinitia aibu. Nililia mbele ya darasa zima."

Nani hakulia? Kila aliyepita shule alikisoma. Konokono anampenda Kipepeo, anamkaribisha nyumbani, lakini mlango ni mdogo na mabawa ni makubwa. Kipepeo anaaga, anaruka zake. Konokono anabaki kizingitini peke yake. Kurasa kumi na mbili, picha zikiwemo.

"Nakigeuza kiwe mchezo wa jukwaani," mwanamke akasema. "Mchezo wa familia, watoto na wazazi wao. Ukumbi unataka saa nzima, na hapa ndani mna dakika kumi hata ukisoma huku unapiga miayo."

"Tatizo lako ni huyo Konokono. Mjinga. Mimi ningeng'oa paa."

Mwandishi akachomoa kalamu moja kichwani. "Rudia."

"Kwanza nipe namba yako."

Alipewa. Jioni ile ile simu iliita.

"Bibi, umefika salama?"

"Nimefika, mjukuu wangu. Unataka nini?"

"Nimekosa usingizi."

"Saa kumi na mbili na nusu hii?"

"Nikianza mapema kukukosa, huenda nikamaliza mapema."

Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa utani, na yakakua upesi kuliko mswada. Ukumbi ulipotafuta fundi wa kujenga nyumba ya Konokono, mwandishi alitaja jina moja tu. Randa akajenga gamba refu kuliko mtu, la plaiwudi, lenye paa la bawaba linalofunguliwa kwa kamba. Mwongozaji, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, alitaka paa liyumbe kwa mdundo wakati Kipepeo anaimba. Kwa hiyo kamba haikuweza kufungwa popote. Ilikuwa lazima mtu aishike wimbo mzima, na mtu huyo alikuwa Randa.

Jumapili moja mchana, karakanani, wakiwa wamekaa juu ya mbao mbichi, Randa aliushika mkono wa mwandishi. Alikuwa na mazoea ya kusugua vifundo vya vidole vyake kwa kidole gumba, mara mbili, polepole.

"Laazizi," akasema, na safari hii hakutania. "Nyumba yangu nimeiacha bila paa. Njoo kwanza nijue urefu wa mabawa yako, ndipo nitaezeka."

Mwandishi alimtazama. Kisha akasema, "Ngoja, ngoja, usiyasahau hayo," akaanza kutafuta kalamu.

Randa alicheka. Lakini kuna kicheko cha furaha na kicheko cha kujisitiri, na mtu anayekula kwa kuandika alipaswa kujua tofauti. Hakujua, au alijifanya hajui.

Mazoezi yakaanza, na pamoja nayo akaja mwigizaji waliyemwita Sauti. Huyo ndiye aliyecheza Konokono. Alikuwa mrefu, ananukia manukato, na akiomba chumvi ungedhani anakuposa. Kila mtu alimwita "mpenzi," na simu ya mwandishi aliipiga asubuhi, mchana na wakati wa kuoga.

"Mpenzi, hapa Konokono ana huzuni au ana njaa?"

"Ana huzuni," mwandishi alimjibu, huku Randa akimkodolea macho kando yake.

Simu ilipokatwa, Randa akauliza, "Huyu anamwita kila mtu mpenzi?"

"Hata mlinzi wa getini."

"Mlinzi ni bibi wa miaka sitini."

"Na anafurahi sana. Wivu huo, fundi wangu, utakuzeesha."

"Sina wivu," alisema Randa. Alikuwa nao mpaka kwenye kucha. Alipiga randa ubao mmoja asubuhi nzima mpaka ukawa hauna kazi tena.

Likaja zoezi la mwisho la mavazi, siku nne kabla ya Jumamosi ya kufungua. Randa hakuwahi kusoma mswada, na siku zote za mazoezi alikuwa karakanani akimalizia gamba. Mafundi hupewa karatasi ya ishara tu: taa hapa, ngoma hapa, paa hapa. Alisimama pembeni mwa jukwaa, kamba mkononi, akisubiri Konokono amalize kusema.

Sauti aliushika mkono wa Kipepeo. Akausugua kwa kidole gumba, mara mbili, polepole. Kisha akasema kwa ile sauti yake, "Nyumba yangu nimeiacha bila paa. Njoo kwanza nijue urefu wa mabawa yako, ndipo nitaezeka."

Wasichana wa kwaya waliguna kwa utamu. Mmoja alishika moyo. Paa halikufunguka.

Sauti akarudia kwa nguvu zaidi. Paa kimya.

"Paa!" akaita mwongozaji.

Sauti akarudia mara ya tatu, sasa akitazama juu. Kutoka gizani pembeni ikasikika sauti ya seremala. "Maneno ameshayapata, paa akalitafute mwenyewe!"

Ukumbi mzima ulicheka. Mwandishi peke yake hakucheka. Alimkuta Randa kwenye ujia wa mavazi, kati ya mabawa yaliyoning'inizwa na vichwa vya vyura.

"Umeniaibisha mbele ya watu."

"Mimi? Umeniweka uchi jukwaani, ukamvisha nguo zangu yule mnukia manukato, halafu nimekuaibisha mimi?"

"Nilikuwa na dakika hamsini za kujaza! Yale ndiyo maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia. Nilidhani utafurahi."

"Maneno yale nilikupa wewe. Sikuwapa ukumbi." Aliteremsha sauti, na hapo ndipo mwandishi alipoogopa. "Na kidole? Kidole gumba alikijuaje?"

Mwandishi aliinamisha macho. "Aliniuliza Konokono amshike vipi. Nikamwonyesha."

"Ukamwonyesha. Kwenye mkono wake."

"Ni kazi, Randa."

"Nilikuambia neno la moyo, ukatafuta kalamu. Mpaka leo hujanijibu. Yeye amejibiwa, kwaya nzima imemgunia, na mimi kila Jumamosi nivute kamba ili apendeze." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Paa nitalivuta. Siwaangushii watu mbao vichwani kwa sababu ya mapenzi. Mengine usinipigie."

Mwandishi alipiga hata hivyo. Mara sita usiku ule, mara nne kesho yake asubuhi. Simu iliita mpaka ikachoka. Kazini Randa alifika kwa wakati, akakaza bawaba, akajibu kwa heshima ya kuudhi. "Ndiyo, mwandishi. Hapana, mwandishi." Mwandishi angependelea atukanwe.

Alijitetea moyoni. Yule mwanamume ana kijicho tu. Waandishi wote huchota maneno nyumbani kwao. Sauti ni mwigizaji, mkono wake ni chombo cha kazi. Alijiambia hayo mpaka Alhamisi saa tisa alasiri, alipoingia ukumbini na kumkuta Randa akimfundisha Kipepeo kushuka ndani ya gamba kupitia paani.

Kipepeo alikuwa binti mwembamba aliyejaa cheko. Alisimama ukingoni, mabawa ya hariri ya njano yamemfunika mgongo, na mikono miwili ya Randa ilikuwa kiunoni mwake.

"Naogopa," Kipepeo akadeka.

"Niamini. Sitakuachia."

Lilikuwa jambo la kazi, na angemwachia, binti angevunjika mguu. Mwandishi alilijua hilo vizuri sana. Hata hivyo moto ulimpanda kutoka nyayoni, na akatamani kupanda pale juu amnyofoe yule binti mabawa, moja baada ya jingine. Neno "niamini" lilikuwa lake. Aliambiwa yeye, siku alipopanda ngazi ya karakana kwa mara ya kwanza. Nani alilitoa ovyo hivi?

Akaketi kwenye kiti cha karibu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Alikuwa ameusikia msemo huo tangu utotoni, na leo ulimwingia wenyewe.

Alimfuata mwongozaji ofisini. "Nayatoa maneno ya paa."

Mama alivua miwani. "Umelewa? Hapo ndipo mchezo mzima unapoegemea. Hadithi hii kila mtu anaijua. Watu watakuja kwa ajili ya hapo."

"Si maneno yangu."

"Ya nani?"

"Ya anayevuta kamba."

Mama alivaa tena miwani. "Basi muombe ruhusa."

"Akiwa na hasira atasema chukua. Halafu kila Jumamosi atayasikia tena. Sitaki."

"Na badala yake?"

"Konokono hasemi kitu. Anapanda ngazi, analing'oa."

"Wazazi watadhani amesahau."

"Wadhani."

Sauti aliposikia alipandwa na hasira. "Mstari wangu!" alilalamika. "Mpenzi, umeniua!"

"Haukuwa wako," mwandishi alisema. "Wala kidole gumba. Mshike Kipepeo unavyomshika mkeo."

"Sina mke."

"Basi usimshike."

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi ulijaa hadi ngazini. Watoto walipiga kelele, mama zao wakawanyamazisha kwa kelele kubwa zaidi. Randa alisimama mahali pake, shati safi, taya limekaza. Mabadiliko hakuambiwa, karatasi yake ya ishara ilikuwa ile ile, paa baada ya maneno ya Konokono. Alijiandaa kusikia maneno yake yakiibwa tena.

Hayakusikika. Konokono alimtazama Kipepeo aliyekuwa akigeuka kuondoka. Akautazama mlango mdogo. Hakusema kitu. Akachukua ngazi, akapanda. Katika safu za mbele mzazi mmoja alinong'ona, "Amesahau maneno?" na kwa nukta chache mchezo ulilegea kweli, kila mtu aliona. Randa mwenyewe nusura achelewe kwa mshangao. Akavuta. Paa likainuka, watoto wakashangilia, Kipepeo akashuka ndani na mabawa yake yote, na wimbo ukaanza.

Harufu ya mafuta ya nywele anayoijua ilimfikia kabla hajageuka. Mwandishi alisimama ubavuni mwake, gauni la buluu, mikono mitupu.

"Umeyapeleka wapi?" Randa alinong'ona, macho kwenye paa.

"Nimeyarudisha."

"Umeharibu mchezo wako."

"Umepungua. Nitaishi." Akamsogelea. "Sasa nisikilize. Huwezi kukimbia, una paa mkononi. Wimbo una dakika nne."

"Tatu na nusu."

"Siku ile uliponiambia yale, niliogopa. Ukiandika, hakuna anayekudai jibu. Nikasema nikiyatia kwenye karatasi yatakuwa ya Konokono, ahangaike nayo yeye. Niliyauza kwa sababu ya woga, si kwa sababu ya kazi. Kazi ni kisingizio."

Kamba iliyumba kwa mdundo mikononi mwa Randa.

"Na Alhamisi nilikuona umemshika Kipepeo kiuno."

"Ningemwacha aanguke?"

"Ndiyo! Kidogo tu."

Randa alicheka bila kutaka, paa likatikisika, na watoto wakapiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Kisha uso ukarudi kuwa mgumu. "Ulimfundisha mpaka kidole."

"Najua. Hilo ndilo baya kuliko yote. Nisamehe, Randa. Sitakugawa kwa mtu tena, hata kwa mchezo mzuri kuliko huu."

"Bado nina hasira."

"Kaa nayo. Mimi najibu nilichoulizwa. Ndiyo. Nakuja. Nakupenda, nataka unioe, na mama yako nitamwambia mwenyewe ukichelewa."

Jukwaani Kipepeo alifika ubeti wa mwisho. Randa aliyumbisha kamba mara mbili, macho hayako tena kwenye paa.

"Sema tena," akasema.

"Yote?"

"Ile ya kwanza."

"Ndiyo."

Akamsogezea kamba. "Njoo. Shika kamba hapa, chini ya mkono wangu. Kaza."

"Mimi? Nitawaangushia paa!"

"Shika, kipenzi changu."

Alishika. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na akasimama kwa vidole vya miguu ili isimponyoke. "Kwa nini lakini?"

"Nataka kujifuta macho," Randa alisema, akigeukia ukutani, "na yule Sauti anatazama huku."