Bibi wa Dirisha la Juu

Walikutana katika duka la rangi, watu wamesongamana, wao wawili wameshika kopo lile lile la buluu na hakuna aliyetaka kuachia. Mmoja alikuwa mshonaji, gauni la njano alilojishonea mwenyewe, katumwa na wapangaji wenzake atafute mtu wa kuchora ukuta wa jengo lao unaotazama barabara. Mwenzake alikuwa mchoraji, shati madoa matupu.

"Chukua kopo, dada," akamwambia aliposikia anachotafuta, "mimi niachie kazi."

Mshonaji akacheka. Kazi akapewa.

Ukuta ule haukuwa na dirisha hata moja, kwa hiyo wakakubaliana achore madirisha, na katika kila dirisha mpangaji mmoja. Ila bwana huyu alikuwa na utaratibu wake: hachori sura ya mtu asiyekuja kukaa mbele yake. Basi kila alasiri wapangaji walishuka kwa zamu, wakakaa kwenye kigoda chini ya ngazi yake. Mshonaji alishuka hata siku zisizo zamu yake, na jioni simu zao zilikuwa hazikatiki. Alishapenda, asikudanganye mtu.

Siku turubai lililofunika ukuta lilipovuliwa, barabara nzima ilishangilia, kisha vidole vikaelekezwa juu. Katika dirisha la juu kabisa alikuwamo bibi mwembamba, kilemba kakifunga upande, jicho moja dogo kuliko jingine. Mama yake mshonaji. Walimzika mwaka uliopita, na maisha yake yote alikataa kupigwa picha.

Mshonaji alihisi baridi, kisha hasira. Akaamua kwamba majirani wamemwelekeza mchoraji ile sura, naye kamtumia marehemu ili ajipendekeze. Akamwambia afute, na simu zake akaacha kupokea.

Asubuhi moja akamwona mchoraji kutoka dirisha la ubavuni, anakaribia jukwaa la kuchorea na ndoo ya rangi nyeupe. Akashuka mbio, kandambili mguu mmoja.

"Nani alikuelekeza sura yake?"

"Hakuna. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda. Nilijua ni mama yako, nikadhani mnaishi wote."

"Mama yangu amekufa."

"Sasa najua. Sitaki, mpenzi, lakini umesema nifute."

Mshonaji akainua macho. Siku hizi alikuwa ameanza kuisahau sura ile, hata jicho lipi lilikuwa dogo. Ikifutwa, ndiyo imekwenda, na huyu mwanamume naye kaenda.

"Alisema nini?"

"Aliniuliza kama nakula vizuri. Halafu akasema, mwanangu atakununia, hana dogo huyo, ila usiondoke."

Huyo alikuwa mama mtupu.

"Ukamjibuje?"

"Kwamba nitakuoa."

Mshonaji akakaa chini pale pale, akalia mpaka akatosheka.

"Na yeye?"

"Aliinuka, akapanda ngazi za jengo. Nikasikia mlango wako unafunguliwa, nikajua anakuja kwako."

Mshonaji akajifuta uso, akaiweka ndoo kando, akamshika mkono.

"Basi twende wote," akasema. "Siingii mle peke yangu tena."