Mashua ya Mtu Mmoja

"Wacha iyo bati! Iko yangu!"

Soko la Beni liligeuka kutazama. Mbele ya moto wa watengeneza sufuria, msichana wa kikwembe cha njano alikuwa ameshika upande mmoja wa bati la ndege iliyoanguka zamani. Upande wa pili aliushika kijana mrefu, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, mwalimu kabisa.

"Samahani, dada. Bakiiyeyusha, itapotea bure. Mi natafuta ya kutengeneza mabawa."

"Mabawa? Avion, ndege, mu vita hii? Basoda na bunduki yabo batakuua!"

"Hapana avion. Mashua."

Msichana huyo, Nadège, aliduwaa, vidole vikalegea, bati likaenda. Moyo nao haukukawia kulifuata.

Kijana huyo, Zorobabel, alifundisha fizikia Butembo. Akitoka shuleni alijifungia uani kuchonga mashua ya tanga, nyembamba, nyepesi, yenye mabawa mawili chini ya maji. Ikishika upepo, alieleza, mabawa yatainyanyua, tumbo litoke majini, na maji yasipate pa kuivuta. Hakuna aliyemtuma. Mwaka ule wa 2001 wenzake walikuwa wakiwaza chumvi na njia za kukimbilia, yeye akipiga msasa ubao. Jamani, mtu wa namna gani huyo? Lakini Nadège, mchuuzi wa samaki wa Mulekera, mtaa wa Beni, alimpenda hivyo hivyo, na mbuzi wa mahari wakafika kwao.

Yeye Beni, mwenzake Butembo, waliongea kwa phonie, redio ile ambayo benchi zima la wanaosubiri husikia kila kitu, na kila anayemaliza husema "À toi", zamu yako.

"Zoro wangu, unanisikia? À toi."

"Nakusikia, chérie. Mashua iko karibu kuisha. À toi."

"Itabeba mabasani ngapi ya samaki? À toi."

"Hata moja. À toi."

Benchi likaguna. Mama mmoja asiyehusika akainamia kipaza sauti. "Donc, basi, inasaidia nini?"

"Inanifurahisha tu, mama."

Nadège alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kikwembe.

Kicheko kiliisha siku Zorobabel alipoishusha mashua kutoka kwenye lori, kwenye kambi ya wavuvi ya Ziwa Edouard alikokwenda Nadège kununua samaki. Ilikuwa nzuri, imepakwa rangi nyeupe, inang'aa. Nadège aliizunguka, akasimama.

"Kiti ya mi iko wapi?"

"Haiko. Mabawa inanyanyua mutu moja tu. Babili, haiinuke."

Nadège alimkumbuka dada yake. Débora aliachiwa watoto wadogo siku vita vilipoingia mtaa wao. Mumewe alivuka ziwa hilohilo peke yake, akaingia Uganda, hajarudi.

"Kumbe! Siku zote unachonga njia ya kukimbia. Ya weye peke yako!"

"Nadège, hapana! Ni muchezo tu."

"Mutu gani anacheza mu vita? Mbuzi zenu zitarudi Butembo!"

Nadège alikwenda kwa mama mmoja muuza samaki, akalia bila aibu.

Kesho yake mchana, risasi zilianza kulia upande wa kilima. Wavuvi waliruka kwenye mitumbwi yao, wake na watoto wakajazana, hapakubaki nafasi ya kuku. Nadège alipofika ufukweni, mitumbwi yote ilikuwa imekwenda. Ilibaki mashua nyeupe, tanga juu, na Zorobabel amesimama majini akiishikilia.

Ndiyo hivyo, aliwaza, anaondoka.

Lakini Zorobabel hakupanda. Aliinama, maji yakamfika kidevuni, spana mkononi.

"Zoro! Uko nafanya nini?"

"Nafungula mabawa! Tukiwa babili, itatuvuta nyuma tu. Bila mabawa itaenda polepole, mais hata vile itatubeba."

"Kazi yako yote ile!"

"Kuya hapa, panda!"

Bawa la kwanza lilizama. La pili likafuata, wala hakulitazama. Nadège alijitupa ndani akajikunja. Zorobabel akajibana nyuma yake, magoti yakimgusa mbavu. Mashua ikashuka mpaka maji yakabaki kidole kimoja kuingia. Ikaenda kwa uvivu, ikiyumba, milio ikibaki nyuma kidogo kidogo.

"Sasa hivi ungekuwa mbali," Nadège alisema.

"Mbali na nani?"

Nadège alimgeukia amwombe msamaha. Wimbi likamwagika miguuni mwao.

"Chota maji, bibi yangu," Zorobabel alisema. "Tutazama."

Hakuwahi kumwita mke wake. Nadège alichukua kopo, akachota, akilia kwa sauti, huku mkono wa pili umeng'ang'ania goti la mumewe.