Walimuua Bibi Yangu Kwenye Usaili

"Kwa nini tukuchukue wewe, tuwaache wengine?"

Niliulizwa swali hilo nikiwa na miaka ishirini na saba, nikiwa na digrii ya sosholojia, cheti cha ufundi umeme, na mdomo ambao nyumbani walikuwa wakisema utanikosesha mume. Nikashindwa kulijibu. Mimi! Mtu ambaye chuo kikuu nilibishana na wahadhiri mpaka wakaanza kutazama saa... Nilikaa mbele ya meza ile nikiangalia viganja vyangu, ulimi umegoma.

Wasomaji wenzangu, msidhani ni woga. Nitawaeleza kilichonifunga mdomo.

Nimezaliwa Ngulyati, nje kidogo ya mji wa Bariadi, kwenye familia ya wakulima wa pamba. Nilipomaliza chuo kikuu nilirudi nyumbani na joho kwenye begi. Niliomba kazi kila mahali mpaka nikachoka kusoma neno "tunasikitika". Mwishowe nikafanya jambo lililowachekesha majirani: nikajiandikisha chuo cha ufundi hapa mjini, nisomee umeme wa majumbani, nikikaa dawati moja na wadogo zangu waliotoka kidato cha nne juzi tu.

"Minza, kumbe digrii haiwashi taa?" waliniuliza njiani.

Wacheke! Mimi nilikuwa na sababu yangu.

Sababu yenyewe ni bibi. Nikiwa sekondari nyumba yetu iliungua. Fundi mmoja wa kuokoteza alikuwa ameweka kipande cha waya mnene mahali pa fyuzi, ile inayokata umeme ukizidi, akapokea soda yake, akaenda zake. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa pamba ya msimu mzima ikisubiri kuuzwa, kama tunavyohifadhi huku. Cheche moja tu... Mchana kweupe, watu wako mnadani, nyumba ikaisha! Cherehani ya mama ikabaki chuma cheusi. Bibi alikuwa peke yake nyumbani. Alikata kamba ya ndama wetu, Shilingi, kwa mundu, akatoka naye huku ushungi wake ukiwaka.

Na majirani walisema nini? Kwamba bibi ni mchawi, ndiye aliyeuita moto! Mbona ametoka mzima yeye na ndama tu? Mbona macho yake mekundu? Mekundu kwa moshi wa kuni, enyi watu! Lakini nani angewaambia? Watu wazima, wenye watoto shule, wenye simu za mkononi, walikaa wakakubaliana kwamba bibi kizee anaweza kuwasha moto kwa kutazama. Maneno yalipozidi, baba akamhamishia bibi kijiji cha Migato, kwa kaka wa bibi, kabla hayajageuka kuwa mapanga.

Nikaapa. Nitausoma huo umeme. Nitapata kazi yenye jina, kazi ambayo nikisimama Ngulyati watu watanyamaza wanisikilize. Kisha nitamrudisha bibi nyumbani, nitainua kipande cha waya mbele yao wote na kusema: mchawi wenu huyu hapa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kiu yangu. Sikutaka kingine.

Basi, mwaka wa mwisho chuoni, mradi mmoja ukatuletea mwezeshaji wa kutufundisha "stadi za kuajirika". Aliitwa Godwin. Alivaa suti ya bluu katika jua la Bariadi! Viatu vya ncha, tai imembana shingo, na kipaza sauti mkononi, katika darasa dogo ambalo hata mtu akinong'ona anasikika. Neno lake la kwanza kwetu lilikuwa:

"Jiuzeni! Ukitaka kazi, lazima ujue kujiuza!"

Kisha Mama Kulwa, mama mtu mzima aliyekuwa anasomea ushonaji, akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Mimi nina mume. Sasa nijiuze kwa nani?"

Tulicheka mpaka madawati yakasogea. Yeye hakucheka. Alisema tuna akili fupi, hiyo ndiyo lugha ya soko la ajira. Nilipomsimulia bibi nilipokwenda Migato, aliacha kupepeta mtama akanitazama kwa huruma. "Chuo kinawafundisha kujiuza? Na baba yako anajua?"

Mafundisho yenyewe sasa! Tuliambiwa tumkazie macho mzee anayetuhoji na kumbana mkono kama tunavuta maji ya pampu. Huku, ambako binti akimsalimia mzee anapiga goti! Tuliambiwa tukiulizwa udhaifu wetu tujibu, "Napenda kazi kupita kiasi." Darasa zima likakariri, hadi kijana mmoja wa uashi aliyelala vipindi vyote. Alisema anapenda kazi kupita kiasi, akapiga mwayo.

Nikamuuliza, "Mwalimu, hayo wewe uliyajaribu wapi yakafanya kazi?"

"Swali zuri," akasema. "Nitalijibu mwishoni."

Mwisho haukufika.

Mnadhani alinichukia? Alinifuata! Alisema amechoka na wanafunzi wanaoitikia ndiyo, anataka mwanamke anayembishia. Na mimi, mwenye kuhoji kila kitu chini ya jua, nikalainika. Tukawa tunakula pamoja kwa mama lishe karibu na chuo, ananipa mnofu wa samaki yeye anabaki na kichwa. Akaahidi kwamba pamba ikishauzwa atakuja Ngulyati na wazee wake kujitambulisha.

Siku moja, sahani zimeshaondolewa, aliniambia kila mtu ana hadithi moja inayoweza kumfungulia mlango. Yangu ni ipi?

Nikamwambia yote. Pamba, waya, cherehani, ndama Shilingi, ushungi uliowaka, Migato. Sikuwahi kumwambia mtu wa nje. Alinishika mkono, macho yamejaa machozi. "Usimwambie mtu mwingine," akasema. "Itunze kwa ajili ya usaili."

Niliitunza. Jamani, niliitunza!

Haikupita muda, kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kikahitaji fundi umeme. Nafasi moja. Chuo kikatupeleka wachache, mimi na Suzana tukiwemo. Suzana ni binti wa Kiloleli, mpole, mwimbaji wa kwaya, sauti yake ikianza hata kuku wanatulia. Ila umeme... Suzana alishika testa ya kupimia umeme kama anashika kijiko cha uji. Waya wa moto na waya wa ethi, ule uendao ardhini, kwake zote zilikuwa ndugu.

Aliitwa kabla yangu. Mimi nilikaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha la wavu. Nikasikia mzee mmoja akimwuliza lile swali. Nikatabasamu, nikasubiri "napenda kazi kupita kiasi".

Badala yake nikasikia, "Baba, nyumba yetu iliungua..."

Nikafikiri, maskini, kumbe na yeye. Kisha nikasikia pamba chumba cha mbele. Nikasikia cherehani ya mama. Nikasikia ndama... anaitwa Shilingi!

Wasomaji, mmewahi kusikia maisha yenu yakisomwa na mtu mwingine? Kwa sauti nzuri kuliko yenu? Na hayakuishia hapo. Kwa sauti ile ya kwaya, Suzana akasema, "Bibi yangu alirudi ndani kumfuata ndama... hakutoka tena. Tulimzika siku ya pili."

Wamemuua! Bibi yangu anapepeta mtama Migato, na hapa Bariadi wamemzika kwa sababu akiwa hai hamlizi mtu! Uchawi wa Ngulyati haukuwatosha?

Suzana akatoka akifuta machozi, akanitakia kheri. Nikaingia. Mzee Luhende, mwenye kiwanda, alikuwa anapangusa macho kwa leso. Mama wa utumishi, mgeni kutoka Tanga, alikuwa anapuliza pua. Nikapiga goti, nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Kaa, mama. Haya, tuambie. Kwa nini tukuchukue wewe, tuwaache wengine?"

Ningesema nini? Ningesema nyumba yetu iliungua? Wangenitoa nje kama mwizi wa msiba wa watu! Ningesema yule aliyetoka amewadanganya? Nani angemwamini mwenye digrii anayemsema vibaya mfiwa mwenye machozi? Nikatafuta jibu jingine, sikuwa nalo. Nilikuwa na moja tu, na lilikuwa limeshasemwa.

Nikanyamaza. Wakanishukuru kwa kufika.

Nilimkuta Godwin chuoni. Sikulia. Nilimwuliza kwa nini. Alivua koti, akalitundika vizuri kwenye kiti, akaniambia kwa upole, kama mtu anayefafanua somo:

"Hadithi ilikuwa nzuri, Minza, lakini wewe huwezi kuiuza. Ungeanza kuwahubiria habari za fyuzi. Suzana analia vizuri. Mradi unahitaji mtu mmoja tu aliyefanikiwa. Kwani wewe umepungukiwa nini? Una digrii."

Mnasikia? Una digrii! Alitufundisha kujiuza, kumbe bidhaa ni mimi. Uchumba ukaishia kwenye kiti kile, pamoja na koti.

Suzana alipata kazi. Nilipomfuata, alishangaa kweli. "Dada Minza, mwalimu alisema ni mfano wa kitabuni! Alisema bibi wa kitabuni!" Akapiga magoti barabarani, akalia, na nakiri Godwin alisema kweli: analia vizuri. Sikuwa na nguvu ya kumchukia. Mtu aliyefundishwa kukariri, amekariri.

Nikadhani nimefika chini kabisa. Sikuwa nimefika. Godwin alimpeleka Suzana kwenye redio ya hapa mjini, atoe ushuhuda wa mafanikio ya mradi. Na huko Migato ni nani asiyekosa redio yake akipepeta? Bibi alisikia kila kitu. Nyumba yake. Ndama wake. Kifo chake.

Nilipofika alikuwa amekaa mlangoni, redio ameifunga kwenye kanga kama mtu anayeficha nyoka.

"Ng'wana wane, mwanangu," akaniambia, "wale wa Ngulyati walisema mimi ni mchawi. Hawa wa kwako wamesema nimekufa. Yule ndama jina lake tulilijua sisi tu. Nani amewaambia?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza. Nikamwomba turudi Ngulyati hivyo hivyo, bila kazi yenye jina, nikawaonyeshe watu ule waya. Akatikisa kichwa.

"Nikitokea sasa watasema nimefufuka. Huko ni kubaya zaidi, mjukuu wangu."

Nilicheka. Na yeye akacheka. Kisha wote wawili tukaacha kucheka kwa wakati mmoja... Hakurudi Ngulyati. Nimemfungia umeme pale Migato kwa mikono yangu mwenyewe, fyuzi ni fyuzi, ethi imezikwa ardhini inavyotakiwa, na kila akiwasha taa husema, "Marehemu anaona vizuri leo." Anatania. Ila Ngulyati, mahali alipozikwa mumewe, ameiacha milele.

Godwin? Alihamia mkoa mwingine na suti yake. Nasikia bado anafundisha. Bado wanampigia makofi.

Suzana naye hakudumu na nyaya. Mashine moja ilizima, akaisogelea kama mtu anayekwenda kumpa pole, mpaka mafundi wenzake wakamvuta. Wakampeleka stoo, akaridhika. Mimi nilianza kazi za kujitegemea: naita wateja kwa kazi niliyofanya kwa jirani yao. Hakuna aliyewahi kuniuliza udhaifu wangu. Wananiuliza taa itawaka lini.

Ndugu zangu mlioko vyuoni, mnaosomea magari, uashi, ushonaji, umeme: akija mtu mbele yenu na kipaza sauti kuwafundisha kupata kazi, mwulizeni yeye amewahi kufanya kazi gani. Mwulizeni mwanzoni, msisubiri mwishoni! Akikwepa, chukueni daftari zenu mrudi karakana. Jifunzeni kuwahi, kusema kweli, kumaliza mlichoanza, hayo hayahitaji tai. Na lile jambo moja linalowauma, lililowafanya mshike bisibisi au sindano, nawasihi, msimpe mtu anayeita machozi bidhaa. Mkilitoa, litoeni kwa mdomo wenu wenyewe, hata kama sauti yenu si ya kwaya.

Hivi karibuni niliitwa kubadilisha swichi kuu kwenye nyumba moja ya mjini. Mwenye nyumba alikuwa Mzee Luhende. Alinitazama nikiwa juu ya ngazi, akanitazama tena.

"Mayu, si wewe uliyenyamaza kwenye usaili wangu?"

Nikamwambia ndimi. Akacheka kidogo, bila ubaya, akaniambia nisione aibu, kwani kabla yangu kuna mwingine mmoja tu aliyewahi kunyamazia swali lile. Alikuja kuomba ukarani wa mizani, miaka kadhaa kabla ya mradi, akiwa na suti ya bluu, na mzee alikuwa bado analikumbuka jina lake. Mzee alipomwuliza kwa nini wamchukue yeye wawaache wengine, Godwin alikaa kimya mpaka feni ikasikika, kisha akaomba maji ya kunywa.